Jukwaa la Buibui wa Manjano

Shule ya Wasichana, Bungoma
Jumapili, 12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Tumefungua shule Jumatatu. Mama amenifikisha langoni akarudi na simu yake, kwa hiyo mpaka Aprili mimi nawe ni watu wa karatasi. Barua hii Mama ataichukua langoni ampe kondakta wa basi la Mombasa. Iulizie Mwembe Tayari kwenye ofisi ya vifurushi, jina lako lipo juu.

Nina haja nawe, na si ya nauli. Nimechaguliwa kuiwakilisha shule katika maonyesho ya sayansi ya kaunti, tarehe ishirini na nane Februari. Watatu wa kwanza watakwenda ngazi ya jimbo. Nataka kwenda, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Mada yangu ni utando wa buibui: unavyojengwa, unavyokamata, na ulivyobadilika tangu zamani. Kitabu cha maktaba kina mchoro mzuri wa buibui wa bustani za Ulaya. Kinasema hivi. Kwanza huachia uzi hewani mpaka upepo uunase mahali, ndilo daraja lake. Kisha hufunga fremu, na ndani yake nyuzi kama spoki za baiskeli. Halafu huanzia katikati akizunguka na uzi mkavu, mapana mapana, apate pa kukanyaga. Mwisho hurudi kutoka ukingoni akiweka uzi wenye ulimbo unaonata, na kila akifika kwenye ule uzi mkavu wa kukanyagia, huukata akaula. Akimaliza hukaa katikati, miguu juu ya spoki, anasikiliza mtikisiko.

Mwalimu Ronald wa biolojia anasema bila kutazama wenyewe, hayo yote ni kunakili tu. Hapa bwenini tunao wale wa pembeni mwa dari tu, wanaotandaza nyuzi ovyo kama nywele za mtu aliyeamka. Krismasi ulinisimulia buibui wakubwa wa manjano huko Mji wa Kale, utando mpana kama mlango. Nitazamie mmoja. Niandikie ulichokiona, hata ukidhani ni upuuzi.

Mwanao,
Nasipwondi


Majengo, Mombasa
Jumapili, 19 Januari 2025

Mama Nasipwondi,

Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la aliyenizaa, na yeye pia alikuwa mtu wa kuamrisha. Barua nimeipata. Usicheke herufi zangu, niliacha shule darasa la sita na tangu hapo mkono wangu umeshika koleo kuliko kalamu.

Bado niko kwenye nyumba ya Bi Ummukulthum, ile ya mawe ya matumbawe. Mtu fulani zamani aliipaka saruji, ukuta ukakosa pumzi ukaanza kumumunyuka. Sasa tunaibandua saruji yote na kurudisha chokaa. Mafundi wanapaka. Mimi nachanganya, napandisha ndoo, nafunga jukwaa na kulihamisha. Mgongo unaniuma kuanzia saa tano. Chokaa imenila vidole mpaka ngozi ya ncha haina alama tena, nikienda kuweka kidole kwenye mashine wananiambia sipo duniani.

Buibui wako nimempata bila kumtafuta. Amejenga kati ya nguzo ya jukwaa langu na roshani ya ghorofa ya kwanza. Mwili wake ni kama pingili mbili za kidole changu, miguu imepita kiganja. Utando una rangi ya manjano, jua likiupiga unang'aa kama mafuta. Nimefika saa kumi na mbili kasoro robo, siku tano, kabla ya wenzangu.

Msimamizi wetu Kahindi alinikuta niko juu, akasema, "Wekesa, umepata mchumba huko?" Nikamwambia, "Ana miguu minane na yuko kazini tangu alfajiri. Wewe una miwili unafika saa mbili." Hakupenda.

Haya ndiyo niliyoyaona. Kereng'ende mkubwa aliupiga utando kwa kasi. Haukumrusha nje kama chandarua kilichovutwa. Ulimkubali, ukaenda naye, ukarudi polepole, naye akabaki amenata. Buibui alikuwa ametulia katikati, akavuta spoki moja, akavuta ya pili, kama mtu anayejaribu kamba kabla ya kuikanyaga, kisha akaenda moja kwa moja. Hakukosea njia.

Nikataka kujua uzi upi unanata. Nikachukua vumbi la chokaa kavu kiganjani, nikalipuliza pole pole sehemu ya chini. Mama, ungekuwepo! Nyuzi za ulimbo ziligeuka nyeupe. Spoki zilibaki kama zilivyo.

Na kuna jambo moja. Ule uzi mkavu wa kukanyagia, ambao kitabu chako kinasema huukata akaula, huyu hakuukata. Upo. Kila baada ya nyuzi nne au tano nyeupe, kuna mmoja ambao haukushika vumbi, umezunguka kama wenzake. Huyu amemaliza nyumba akaacha jukwaa limesimama.

Labda ni mvivu. Mimi nimeandika nilichokiona.

Babako,
Oliver Wekesa


Bungoma
Jumanne, 28 Januari 2025

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nne. Habari ya chokaa nimeipeleka kwa Mwalimu Ronald siku hiyo hiyo na aliinuka kitini. Alisema hata yeye hakuwahi kufikiria kupuliza vumbi.

Lakini hilo la jukwaa amelikataa. Alifungua kitabu akaniwekea kidole kwenye mstari: uzi wa muda huondolewa. Akasema, "Hata mhandisi anaweza kukosea, Nasipwondi. Pengine aliona spoki akazichanganya." Kwa hiyo nimeandika sehemu zako zote isipokuwa hiyo. Usikasirike. Nataka kazi isiwe na tundu.

Mchoro wa kitabu nimekunakilia humu, na maelezo yake. Nikueleze na mimi nilichojifunza, maana naona umeipenda mada yangu. Buibui wa kwanza hawakuwa na utando hewani. Waliishi mashimoni, na hariri yao ilikuwa ya kutandika shimo na kufunika mayai. Wengine wakaacha nyuzi chache mlangoni, mdudu akijikwaa mwenye shimo anajua. Wadudu walipoanza kuruka, buibui waliokuwa na nyuzi juu ya majani wakashiba kuliko wa chini. Walioshiba waliacha mayai mengi, na watoto wao wakajenga kama wao, na kila kizazi kikatofautiana kidogo. Hakuna aliyekaa akachora ramani.

Ulimbo nao ulikuja baadaye. Wa zamani walikuwa wakichana uzi mkavu kwa miguu mpaka ukawa kama sufi, mdudu akanaswa na manyoya yake. Wapo hata leo. Ila kuchana uzi ni kazi ndefu, na waliopata matone ya ulimbo walijenga haraka zaidi. Na wengine, Baba, waliuacha utando kabisa! Wale wadogo wanaoruka ukutani kama wamewekwa springi, babu zao walijenga, wao wanawinda kwa macho.

Mama anauliza kama unakula.

Nasipwondi


Majengo
Jumapili, 2 Februari 2025

Mama Nasipwondi,

Mwambie Mama nakula. Mchungaji wetu akisikia hiyo habari ya mashimo na mayai atapata homa. Akikuuliza, mwambie kwamba Mungu hakuwa na haraka, basi.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi sikukosea.

Mtu anaweza kunidanganya habari ya injini, au ya mahakama, au ya dawa. Jukwaa hawezi. Miaka kumi na moja nimefunga jukwaa na kulifungua. Najua kitu kilichowekwa kukaa na kitu kilichowekwa kukanyagwa, hata kama vyote ni mti ule ule na kamba ile ile. Nimerudi juu wiki nzima. Nimepuliza chokaa mara tatu, sehemu tatu tofauti. Nimehesabu kutoka katikati kwenda nje: nyeupe nne, kavu moja. Nyeupe tano, kavu moja. Nyeupe nne, kavu moja. Spoki zinatoka katikati kwenda ukingoni. Huu unazunguka. Mtoto wa nasari hawezi kuchanganya kinachokwenda na kinachozunguka.

Na nilikosea jambo moja tu, kumwita mvivu. Nimejua sababu yake, au nadhani nimejua. Wa kitabu chako hubomoa utando wote kila siku akaanza upya, umeandika hivyo mwenyewe kwenye mchoro ulionitumia. Huyu wangu hafanyi hivyo. Jumatatu alibomoa nusu ya kulia tu, akazila nyuzi zake, akaijenga tena. Nusu ya kushoto aliiacha na machozi ya umande. Jumanne hakugusa kitu. Jumatano akashika kushoto. Utando ule ule, mahali pale pale, tangu kabla ya mwaka mpya.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Fundi anayejenga nyumba akaimaliza na kuondoka, anaondoa jukwaa. Fundi anayekarabati nyumba kipande kwa kipande, leo huku, kesho kule, na anajua hatamaliza kamwe, anaondoa jukwaa la nini? Sisi hapa kwa Bi Ummukulthum jukwaa limesimama miezi saba. Na tena likikaa linashikilia. Nilikata uzi mmoja mkavu kwa kijiti na nyuzi za ulimbo jirani zake zikalegea, zikashikana zenyewe kwa zenyewe kama nywele zilizoloa.

Mwalimu Ronald ana kitabu kimoja. Mimi nina buibui mwenyewe. Irudishe sehemu hiyo.

Na nina swali. Umeandika mwalimu alisema hata mhandisi anaweza kukosea. Mhandisi gani?

Babako,
Oliver Wekesa


Bungoma
Jumatatu, 10 Februari 2025

Baba,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya swali lako la mwisho.

Siku nilipoingia kidato cha kwanza, Mama alikuwa kwenye foleni ya magodoro, nikapewa fomu nijaze mwenyewe. Kulikuwa na mstari wa kazi ya baba. Msichana wa mbele yangu alikuwa ameandika hakimu. Nami nikaandika mhandisi wa ujenzi, Mombasa. Ilikuwa kalamu tu, Baba. Halafu wakawa wananiita Binti Mhandisi, na sikuwahi kupata siku ya kusema hapana.

Mwalimu Ronald anaamini hivyo. Na sasa imekuwa kubwa. Nilimsomea maneno yako ya ukarabati, akasema huenda una hoja, ila majaji hawatakubali jambo lisilo kitabuni bila vitu viwili. Kwanza kipande chenyewe cha utando, kimebandikwa, wakione kwa macho. Pili fomu ya ushahidi, yenye sahihi ya mtaalamu. Fomu nimeiweka humu. Ameshajaza juu kwa mashine: Mhandisi O. Wekesa. Pamebaki sahihi yako.

Tafadhali weka sahihi. Si uongo mkubwa, wewe kweli unajenga. Ukikataa nitasimama mbele ya shule nzima kama mwongo, na sehemu ya jukwaa itatolewa.

Kipande kifike kabla ya tarehe ishirini na sita. Nakuomba.

Nasipwondi


Majengo
Alhamisi, 20 Februari 2025

Nasipwondi,

Fomu nimeirudisha humu. Sikuweka sahihi.

Nilikaa nayo siku nne. Siku ya kwanza nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Siku ya pili nilikumbuka nilivyowahi kumwambia mwenye nyumba wa kwanza Majengo kwamba mimi ni karani wa bandari, ndipo anipe chumba. Kwa hiyo sitakupiga na hilo.

Ila fomu hiyo sitaitia sahihi. Jina langu ni Oliver Wekesa. Kazi yangu ni kubeba chokaa na kufunga jukwaa. Wahandisi wamekuja hapa, wawili, na kofia zao, wakasimama chini ya utando ule ule, wakaniambia niufagie. Hawakuuona uzi. Aliyeuona ni mtu anayefunga kamba, na aliuona kwa sababu anafunga kamba. Ukiandika mhandisi umeuondoa ukweli wote ukabakiza koti. Nimechukua karatasi nyingine nikaandika vile nilivyo, na sahihi yangu iko hapo, kubwa. Chagua wewe utakayoipeleka. Kuamua ni juu yako, mimi ni baba, si askari.

Kipande cha utando umekipata, kiko kati ya mbao mbili. Usifungue haraka, ulimbo bado unashika.

Kilinipa taabu. Hapa ni Shaaban, watu wanamalizia harusi kabla ya Ramadhani. Nabiha, mjukuu wa Bi Ummukulthum, anaolewa kesho, na mwenye nyumba alitaka jukwaa lote lishuke Jumanne, mlango uonekane. Jukwaa likishuka utando umekwisha, maana nusu umefungwa kwenye nguzo yangu. Na Jumatatu nilikuwa nimejaribu kuunasa kwenye karatasi nyeusi nikauharibu, nilisukuma karatasi badala ya kuileta taratibu, ukajikunja wote. Ilibidi nimngoje ajenge tena upande ule.

Jumanne Kahindi akaja. "Fungua kamba."

"Sifungui. Nipe mpaka Alhamisi."

"Wekesa, kuna watu wanapika biriani ya watu mia tatu hapa, wewe wataka kulea mdudu?"

"Simlei. Namngojea."

"Utashuka au nikushushe?"

Nikakaa juu ya mbao, miguu nikaining'iniza. Mtu hawezi kufungua jukwaa lenye mtu. Bi Ummukulthum alitoka na mwiko mkononi akanipigia kelele, wageni wamejaa kibarazani wanatazama. Mwisho akasema Alhamisi saa nne, isipite. Walikubali.

Leo alfajiri alikuwa amemaliza. Nikapuliza chokaa, nikaleta karatasi taratibu kutoka nyuma, nikakata pembe nne kwa wembe. Ukalala wote. Hesabu mwenyewe: nyeupe nne, kavu moja. Mwenye utando nilimchukua kwa ufagio nikamweka kwenye mwarobaini uani. Saa nne jukwaa lilikuwa chini.

Bi Ummukulthum amekuandikia pia, kama shahidi. Bahasha ameifunga, sijui amesema nini. Ana ulimi, usimjali.

Babako,
Oliver Wekesa


Kibokoni, Mji wa Kale
Alhamisi

Kwa binti Wekesa,

Salamu. Mkono ni wa mjukuu wangu Nabiha, mwenye hina mpaka viwikoni na kalamu yamteleza, lakini maneno ni yangu. Mimi ndimi mwenye nyumba. Babako nimemuona kwa mato yangu, kila asubuhi wiki tano, yu yuu ya jukwaa amtizama buibui kama mtu atizamaye mwezi wa Idi. Aliyoyaandika ya zile nyuzi ni kweli. Alinipandisha ngazi nikatizama mwenyewe, na magoti yangu haya.

Buibui kwetu ana heshima yake, hauawi. Lakini harusi ni harusi. Nilimwambia ashuke, akanikatalia mbele ya wakwe zangu. Kwa hilo Kahindi amemfukuza kazi Jumanne ile ile. Siku mbili hizi amekuja bila ujira, kwa ajili yako. Hilo yeye hatakwambia, na mimi silipendi jambo la kufichwa mwana.

Sikumtetea. Bado nina hasira naye. Ila ni mkweli, na ukiulizwa sema nimesema mimi.

Ummukulthum


Bungoma
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba,

Bi Ummukulthum ameniambia. Kwa hiyo tumelingana, wewe nawe ulinificha.

Ijumaa tulikwenda. Nilibeba fomu zote mbili ndani ya daftari, na mpaka tunashuka kwenye basi la shule sikuwa nimeamua. Nakwambia kweli. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango. Wasichana wawili wa kidato cha pili walisimama mbele ya karatasi yako nyeusi, mmoja akasema, "Kumbe ni kitu kimepangwa."

Majaji walikuwa watatu. Walipenda chokaa. Walipenda mchoro wa mashimo mpaka hewani, na yule mama mwenye miwani alinibana sana kuhusu buibui wanaoruka, nikamjibu yote. Kisha akafika kwenye jukwaa.

"Hili limetoka kitabu gani?"

"Halimo kwenye kitabu cha shule yetu, Madam. Limetazamwa."

"Na nani?"

Mwalimu Ronald alikuwa pembeni yangu. Akasema, "Baba yake ni mhandisi, Mombasa."

Baba, hapo ndipo nilipoamua. Nikasema, "Si mhandisi. Anabeba chokaa, anafunga jukwaa. Niliandika uongo kidato cha kwanza." Nikaitoa fomu yako nikaiweka mezani, na ya Bi Ummukulthum juu yake. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Jaji mmoja alicheka, si sana. Akasema, "Kwa hiyo mbeba chokaa anasahihisha kitabu?"

Nikamwambia, "Amehesabu, Mzee. Hesabu na wewe." Nikamsogezea karatasi. Hakuhesabu. Yule mama alihesabu. Alitumia ncha ya kalamu, midomo yake ikienda, akarudia tena.

Walizungumza pembeni. Kisha mama yule akaniita peke yangu. Akaniambia kazi yangu imefikia nafasi ya pili, ila sheria inasema kila dai liwe na kitabu au mtaalamu, na mtu mmoja na utando mmoja si ushahidi. Nikiitoa sehemu ya jukwaa, nafasi ya pili ni yangu na nakwenda jimboni. Nikiiacha, itabidi wakate alama za chanzo. Akasema kwa upole, "Ni karatasi moja tu, mwanangu. Unaweza kuirudisha mwakani."

Nikatoka nje na Mwalimu Ronald. Alikuwa amekasirika kwa ule uongo, na alikuwa na haki. Lakini naye akasema, "Toa, Nasipwondi. Shule haijawahi kufika jimboni."

"Nikitoa nitasema ilikuwa nini? Kwamba hakuona?"

"Utasema utafiti unaendelea."

"Umekwisha, Mwalimu. Alifukuzwa kazi ndiyo ukaisha."

Sikuitoa. Tumekuwa wa nne.

Nililia njiani kurudi, nisikudanganye. Jina la Binti Mhandisi limekufa, sasa wananiita Chokaa. Wa kwanza aliyeniita nilimwitikia, basi wengine wakakosa raha. Mwalimu Ronald hajasema nami tangu Ijumaa, ila ubao wangu aliubeba yeye mwenyewe mpaka kwenye basi, na karatasi yako aliishika mapajani njia nzima isigongwe.

Nisamehe nafasi ya jimbo. Nisamehe na kazi yako.

Nasipwondi


Mwembe Tayari
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama Nasipwondi,

Barua yako niliisomea hapa stendi, nimekaa juu ya gunia la mtu. Sasa napakia mizigo kwenye mabasi ya bara. Mwenye kuamua ni mgongo, na leo umeamua nipumzike, ndiyo maana naandika.

Kwanza nilikasirika. Ilikuwa nafasi yako, uliitaka, uliniandikia hujawahi kutaka kitu hivyo. Nilitaka kukuuliza kwa nini hukuitoa hiyo karatasi, ungefika mbele ukasema huko. Mimi ningekuwa wewe, na umri wako, na watu watatu wenye kalamu mbele yangu, ningeitoa. Sitakudanganya. Halafu nikaisoma tena pale ulipomwambia hesabu na wewe, na kuli mmoja hapa akaniuliza kama nimefiwa.

Usiniombe msamaha wa kazi. Kahindi alinifukuza mimi, hakukufukuza wewe. Amenitumia mtu juzi, Ramadhani mafundi wamepungua, anataka nirudi. Nimemwambia nitarudi akifika yeye mwenyewe kuniambia. Bado hajafika. Atafika, maana hakuna anayejua kufunga ile pembe ya roshani.

Sasa hili la mtaalamu. Wamesema mtu mmoja na utando mmoja si ushahidi. Hapo hawakukosea, hata fundi hapimi ukuta kwa jiwe moja. Basi. Nimekwenda nyuma ya ghala la mbao Majengo, ambako nyaya za umeme zimelegea na hakuna anayefagia. Nimepata wanane. Wa manjano watupu. Wote nimewapulizia chokaa, wote wameacha jukwaa. Pale kwenye ukuta wa makaburi nimepata wengine watano, na mmoja wao bado mdogo kama punje ya mtama, naye tayari ameliacha. Hakuna aliyemwonyesha. Wewe utanieleza hilo.

Karatasi nyeusi nimenunua dazeni mbili, na wembe ninao. Mpaka Desemba nitakuwa nimefika arobaini, kila moja na mahali pake, tarehe yake, na sahihi ya mbeba chokaa.

Mwambie Mwalimu Ronald atafute meza ndefu.

Babako,
Oliver Wekesa